Tafuteni Panapobana: Hotuba Kuhusu Uchumi na Utalii wa Maeneo Madogo ya Milima

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wadau wa maendeleo ya milimani. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukumbini zimeachwa.)

Ndugu viongozi, ndugu wakulima na wafugaji, ndugu waongoza wageni na wenye hoteli, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, habari za asubuhi.

Nianze na swali. Mtu akikuuliza eneo lenu la milima lina nini, unamjibu nini? Wengi hutaja kilele, kisha msitu, maporomoko ya maji na hewa safi. Sawa, hiyo ni mali, tena mali kubwa. Lakini ni eneo gani dogo la milima lililokwama kwa kukosa kilele? Hakuna. Hukwama kwa ajili ya barabara moja inayokatika, chemchemi moja inayopungua kiangazi, au kipande kimoja cha tambarare ambacho shule, soko, hoteli na shamba vyote vinakigombania. Kwa hiyo neno langu leo ni moja: tafuteni panapobana. Hata kama kila kitu kingine kimejaa tele, eneo lenu litabeba kile kinachoweza kupita hapo tu.

Tuanze na ardhi. Andorra, nchi iliyo ndani ya milima ya Pyrenees kati ya Ufaransa na Hispania, ina kilomita za mraba 468, na watu wake hawafiki 100,000. Ukigawanya kwa karatasi na kalamu, nafasi ipo. Ukienda kwenye ardhi yenyewe, wastani wa mwinuko unakaribia mita 2,000, na watu karibu wote wamebanana kwenye sakafu za mabonde machache. Eneo la milima halipimwi kwa ukubwa wa ramani. Lipimeni kwa ardhi ambayo mtu anaweza kujenga au kulima bila kuhatarisha maisha yake.

Na ardhi hiyo kidogo nayo hailingani. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5. Usiku usio na upepo, hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama bondeni, ndiyo maana baridi kali huweza kuunguza mazao ya chini huku shamba lililo mita 50 juu yake likibaki salama. Upande unaopokea upepo wa bahari hunyeshewa, wa nyuma hukaushwa. Amani, katika Usambara ya Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; Same, iliyo kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Pare, haifikishi hata theluthi ya hizo. Anayepanga kilimo au hoteli kwa kutumia takwimu moja ya wilaya nzima anapanga kwa ajili ya mahali ambapo hapapo.

Kisha kuna hatari. Ndugu zangu, hapa naomba tusikilizane vizuri.

Galtür ni kijiji cha Tyrol, Austria, kinachoishi kwa wageni wa kuteleza kwenye theluji. Mapema mwaka 1999 theluji ilianguka wiki baada ya wiki, dhoruba juu ya dhoruba, na barabara pekee ya bonde ikafungwa. Wageni walikwama hotelini. Tarehe 23 Februari, theluji ya mlima ulio juu ya kijiji ilikatika, ikazoa nyingine njiani, ikaingia katikati ya nyumba. Watu 31 walikufa. Austria ilikuwa na ramani za hatari tangu zamani: eneo jekundu hujengi, eneo la manjano unajenga kwa masharti. Nyumba nyingi zilizobomoka zilikuwa nje ya maeneo yote mawili. Ramani ilichorwa kwa kumbukumbu za maporomoko yaliyokwisha kutokea, na lile halikuwahi kutokea pale. Baadaye mipaka ilisogezwa, na kijiji kikajengewa ukuta wa kinga wenye urefu wa zaidi ya mita 300, na ndani ya ukuta huo wakaweka jumba la makumbusho.

Mnasema kwetu hakuna theluji? Udongo uliolowa nao huporomoka. Theluji hukatika zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45; udongo una pembe zake, kulingana na aina yake, kina chake na mizizi iliyoushika. Mkikata msitu wa juu mkapata mbao, mkachimba ukingo wa chini mkapata kiwanja, mmeupunguzia mteremko vitu viwili vilivyokuwa vikiushikilia. Na kile kipande cha tambarare kizuri pale korongo linapotokea bondeni, ambacho kila mwekezaji anakipenda, ni nani aliyekitandaza? Ni korongo lenyewe, kwa mafuriko yake. Litarudi.

La pili ni mlango. Kila eneo la milima lina milango, na huwa michache mno.

Bonde la Aosta ndilo jimbo dogo kuliko yote Italia. Mwaka 1964 lilifunguliwa handaki la Great St Bernard kwenda Uswisi, na mwaka 1965 handaki la Mont Blanc kwenda Ufaransa, lenye kilomita 11.6. Bonde lililokuwa mwisho wa barabara likawa njia kuu ya malori ya Ulaya. Tarehe 24 Machi 1999, mwezi mmoja tu baada ya Galtür, lori lililobeba majarini na unga liliwaka moto katikati ya handaki la Mont Blanc. Moto uliwaka kwa zaidi ya siku mbili, na watu 39 walikufa. Handaki lilikuwa na nusu mbili zilizosimamiwa na kampuni mbili, moja kila upande, na uratibu kati yao ukashindwa katika dakika ambazo zilihitajika zaidi. Lilifungwa hadi Machi 2002. Lilipofunguliwa, lilikuwa chini ya usimamizi mmoja, na lilikuwa na vyumba vya kujihifadhi vinavyounganishwa na njia ya kutorokea.

Kwa miaka karibu mitatu mlango ulikuwa umefungwa. Bonde lilipoteza biashara ya njia, lakini likapata utulivu, na malori yaliporudi kulikuwa na wakazi walioandamana kuyapinga. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba barabara ni neema tupu. Barabara inaleta mgeni wa kulala, inaleta pia lori lisilosimama, linalowaachia moshi na mashimo. Ulizeni hivi: kati ya magari 100 yanayopita, mangapi yanasimama?

Kwa kazi ya vitendo, fanyeni jambo moja kabla ya kuomba barabara mpya. Chukueni daftari la barabara mliyo nayo, muandike kila siku iliyofungwa kwa mwaka mzima, saa ngapi, kwa sababu gani, katika kona gani. Mara nyingi mtakuta kwamba usumbufu mwingi unatoka sehemu mbili tatu zilezile: kalvati dogo lisilomeza maji ya mvua kubwa, ukingo uliokatwa wima, mtaro uliojaa majani. Kalvati kubwa zaidi na mtaro unaozibuliwa kabla ya masika ni gharama ndogo kuliko kilomita moja ya lami mpya. Lami juu ya mtaro mbovu haifiki mbali.

La tatu: mlima unauza nini?

Kabla ya utalii mlima uliuza maji, mifugo na njia ya kupita. Maji bado ndiyo makubwa. Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo yote iko juu ya mita 1,000. Hata sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita 1,400. Mwaka 1986 ilitia saini mkataba na Afrika Kusini. Likajengwa bwawa la Katse, ukuta wa mita 185, na handaki la kilomita 45 la kuyapeleka maji kaskazini badala ya kuyaacha yafuate mto Senqu. Njiani yanapita kwenye mitambo ya Muela na kuzalisha megawati 72. Afrika Kusini inalipa mrabaha, Lesotho inabaki na umeme. Ni biashara ya akili. Lakini kijiji ambacho malisho na mashamba yake ya bondeni yalifunikwa na maji hakikulipwa kwa mrabaha wa taifa. Kilitegemea fidia, na fidia ndiyo imekuwa malalamiko ya miaka mingi. Mkiuza maji, muandike kwenye mkataba ni sehemu gani ya mapato inarudi kwenye bonde lililotoa maji hayo, na inarudi kwa njia ipi. Kisichoandikwa hakirudi.

Hata mto mdogo una thamani, ukipimwa kwa uaminifu. Lita 100 kwa sekunde zikishuka mita 100 zina nguvu ya kilowati 98. Ukitoa upotevu wa bomba, mashine na jenereta, utapata kama 70. Zinatosha taa, majokofu na mashine za kusaga za kijiji cha wastani. Kinachoharibika ni nini? Kwanza, mtu anapima mto wakati wa masika, ananunua mashine kubwa, kiangazi inasimama. Pimeni katika mwezi mkavu kuliko yote, na muache maji ya kutosha yaendelee kupita mtoni kwa walio chini. Pili, mchanga. Maji yakiingia kwenye mashine bila kutulia kwanza kwenye tangi la kuzamisha mchanga, mabapa yanalika kama yaliyopigwa tupa. Tatu, majani kwenye chujio la mlango wa maji, ambayo lazima mtu mwenye jina na mshahara ayaondoe kila siku.

Andorra yenyewe iliuza kitu kingine: tofauti ya kodi. Haina uwanja wa ndege wala reli, lakini mamilioni ya watu huingia kila mwaka kwa gari, wengi kununua bidhaa na kurudi kwao jioni. Tofauti ya sheria, hata hivyo, ni mali inayotegemea majirani kukuvumilia. Majirani walipobana, Andorra ilianzisha kodi ya jumla ya mauzo ya asilimia 4.5 mwaka 2013 na kodi ya mapato isiyozidi asilimia 10 mwaka 2015. Leo malalamiko makubwa huko ni pango la nyumba: mfanyakazi wa msimu anapata kazi, anakosa kitanda. Mnaona panapobana? Tambarare, tena.

Sasa tufike kwenye utalii, ambao najua ndio uliowaleta wengi hapa.

Bhutan ilifungua mlango kwa watalii mwaka 1974, na tangu mwanzo iliamua wachache wanaolipa vizuri. Kwa miaka mingi ada ya maendeleo kwa mgeni wa kimataifa ilikuwa dola 65 kwa usiku, ndani ya kifurushi cha lazima. Septemba 2022, baada ya janga la korona, waliipandisha hadi dola 200. Wageni wakachelewa kurudi, hoteli na waongozaji wakalalamika, na Septemba 2023 ikashushwa hadi 100. Wapo wanaosema hii inaonesha sera imeshindwa. Sikubaliani nao. Ada ni bomba lenye koki: unafungua, unafunga, unaangalia maji yanafika wapi. Kosa lingekuwa kuificha koki isiguswe. Tena Bhutan ina kizuizi kingine ambacho ada haikigusi: uwanja wa ndege wa Paro uko kwenye bonde jembamba, ndege zinatua kwa macho ya rubani, mchana, na marubani wenye kibali maalumu tu. Hapo panabana kabla ya ada.

Na nyinyi, mnajuaje mnaweza kupokea wageni wangapi? Msiulize hoteli. Iulizeni chemchemi. Chukueni ndoo ya lita 20 na saa, katika mwezi mkavu. Tuseme inajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Mgeni wa hoteli hutumia lita 250 kwa urahisi, kwa hiyo mtu mwenye haraka atasema: vitanda 172! Ngoja. Kijiji kina watu 500, kila mmoja anahitaji walau lita 50: hizo ni 25,000. Mabomba yanavuja, wekeni asilimia 20, lita 8,640. Zinabaki 9,560. Gawanyeni kwa 250. Vitanda 38. Si 172, ni 38! Mkitaka zaidi, jengeni tangi la kuhifadhi maji ya masika au mzibe mabomba yanayovuja, na mara nyingi kuziba ndiko rahisi. Lakini mkijenga vitanda 100 kwanza, mama wa kijijini atakuta bomba kavu saa kumi na mbili asubuhi, na huo ndio mwanzo wa wenyeji kuwachukia wageni.

Wenzetu wa nchi za theluji wana hesabu hiyohiyo. Kufunika hekta moja kwa sentimita 30 za theluji ya kutengenezwa kunataka zaidi ya mita za ujazo 1,000 za maji, tena katika majira ambayo mito yao iko chini kabisa. Na joto likizidi, mashine haifanyi kazi hata kama bwawa limejaa.

Baada ya maji, fedha. Mgeni akilipa, ni kiasi gani kinabaki bondeni? Chukueni risiti moja ya safari, muigawe: usafiri, kitanda, chakula, mwongozaji, ada ya kiingilio, kamisheni ya mtandao wa kuhifadhi nafasi ambayo huweza kufika asilimia 15 na zaidi. Kisha mbele ya kila mstari muandike anayepokea anaishi wapi. Mtakuta safari ya bei kubwa iliyoacha bondeni mshahara wa mpagazi tu, na ya bei ndogo iliyoacha nusu yake. Angalieni na kalenda. Nyumba ya wageni inayojaa usiku 120 kwa mwaka inalipa mkopo kwa miezi 12. Ndiyo maana eneo linalolima na kufuga pamoja na kupokea wageni huvumilia kuliko lililoacha yote kwa ajili ya msimu mmoja.

Nataka nikae kidogo kwenye njia za miguu, kwa sababu ndizo rasilimali ya utalii iliyo rahisi kuliko zote kujenga, na rahisi kuliko zote kuharibu.

Katika milima ya Gran Paradiso, Bonde la Aosta na Piemonte, mfalme Vittorio Emanuele II alipata hifadhi yake ya kuwinda mbuzi mwitu wa milimani katika miaka ya 1850. Akajengewa njia za farasi na nyumbu: pana kiasi, zimewekwa mawe, zinapanda polepole kwa kona nyingi hadi kwenye miinuko mikubwa. Mwaka 1922 hifadhi ikawa mbuga ya kwanza ya taifa ya Italia, na mbuzi hao, waliokuwa wamebaki hapo tu katika Alps yote, wakaenea tena. Njia zile? Bado wageni wanazipita. Kwa nini zimedumu? Kwa sababu nyumbu aliyebeba mzigo hapandi wima, na maji hayapendi njia isiyo wima.

Maji hufuata mkondo, na njia iliyochimbwa moja kwa moja kutoka juu kwenda chini ni mkondo. Mvua ya kwanza inachota udongo laini, ya pili inafunua mawe, ya tatu inaacha mfereji. Watu wanaukwepa kwa kupita kwenye majani pembeni, na mwaka unaofuata mna mifereji miwili. Kanuni ni hizi. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inakopita; mteremko ukiwa wa asilimia 40, njia isizidi 20, na wastani wake ubaki karibu 10, yaani mita 10 za kupanda kwa kila mita 100. Ukingo wa nje uwe chini kidogo: njia ya mita moja, ukingo wa nje ushuke sentimita 5, maji yavuke yatoke. Kila baada ya mita 10 hadi 15, njia ishuke hatua chache kisha ipande tena, maji yashindwe kuifuata. Kona za kugeukia ziwekwe nyuma ya mwamba au kichaka, zisitazamane. Mtu akiona sehemu ya chini ya njia atakata kupitia katikati, na wa nyuma yake watamfuata. Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama: fremu ya herufi A ya fito mbili za mita 2, mti wa katikati, kamba na jiwe, ileile mnayotumia kupima matuta ya shamba.

La mwisho ni miili ya wageni wenu. Kuanzia mita 2,500 mtu anaweza kuugua kwa kukosa hewa ya kutosha. Ukipita mita 3,000, kimo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku 3 au 4 pawe na siku ya kupumzika. Tazameni njia ya Marangu ya Kilimanjaro: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila kituo ni mita 1,000 juu ya kilichopita. Ndiyo maana usiku wa ziada Horombo una maana kubwa, na ndiyo maana kampuni inayoufuta ili ishushe bei inauza hatari. Mgeni akianza kuchanganyikiwa, kuyumba kama mlevi, au kuhema akiwa amekaa, hakuna kusubiri asubuhi. Anashushwa saa hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla msimu haujafunguliwa, ofisi ya utalii iwe na karatasi moja ukutani: nani ana mamlaka ya kufunga njia mvua ikizidi, machela iko wapi na ufunguo wake uko kwa nani, simu inashika kwenye sehemu zipi za njia, na gari la kumpeleka mgonjwa linamngoja wapi. Majina ya watu, si vyeo. Na mtu huyo aifunge njia hata kama kikundi kimeshalipa.

Tuingie kwenye maswali. Naomba waanze wale wenye vipimo vya chemchemi vya mwezi wa kiangazi.